Grenache ya mizabibu mikongwe yapata wateja Sydney, mvinyo mwekundu mwingine ukikosa soko

Australia ina mvinyo mwekundu usio na mnunuzi. Mwaka 2023 benki ya Rabobank ilikadiria kwamba akiba iliyolala kwenye matangi ilikuwa imepita lita bilioni 2, karibu sawa na uzalishaji wa miaka miwili. China, iliyokuwa mteja mkubwa kuliko wote, ilipandisha ushuru hadi asilimia 218 mwaka 2021 na haikuuondoa mpaka mwishoni mwa Machi 2024. Kule Griffith, ndani ya New South Wales, jimbo ambalo Sydney ndiyo makao makuu yake, wakulima wameng'oa mashina yao ya mizabibu. Lakini ukiingia katika maduka huru ya mvinyo ya Surry Hills au Newtown, mitaa ya Sydney, utakuta mvinyo wa zabibu nyekundu aina ya Grenache wa mzalishaji mdogo ukiuzwa dola 40 za Australia, na ule wa mizabibu mikongwe kabisa ukipita 100.

Mfano mzuri ni familia ya Cirillo, ya bonde la Barossa huko Australia Kusini. Grenache yao ilipandwa kati ya 1848 na 1850, na inahesabiwa miongoni mwa mizabibu mikongwe zaidi duniani inayozaa hadi sasa. Mvinyo wake hulazwa miaka kadhaa kabla ya kutolewa sokoni, maana yake fedha za familia nazo zimelala. Aliyezoea Shiraz nzito, nyeusi, ya Australia hushangaa akimiminiwa Grenache ya namna hii. Rangi ni hafifu, harufu ni ya stroberi na pilipili manga, ukakasi ni laini, na bado kileo aghalabu hufika asilimia 14 au zaidi. Huonekana mwepesi, kisha humzidi nguvu mnywaji mwenye haraka.

Sydney yenyewe ilikuwa na nafasi ya kuwa na hazina ya aina hii. Mwaka 1832 James Busby alileta vipando vya mamia ya aina za zabibu kutoka Hispania na Ufaransa, vikapandwa katika Bustani ya Mimea ya mji huo. Baadaye filoksera, kidudu kinachoshambulia mizizi ya mzabibu, kilionekana Camden, si mbali na mji, mwaka 1884. Australia Kusini ilibana mipaka yake kwa karantini, na mpaka leo mdudu huyo hajaingia. Ndiyo maana mizabibu ya karne ya 19 bado imesimama juu ya mizizi yake yenyewe.

Haikusimama kwa kupendwa. Grenache iliongoza zabibu nyekundu zote nchini hadi miaka ya 1960, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kutengeneza mvinyo mtamu uliokolezwa kwa pombe kali. Ladha za watu zilipobadilika ikawa mzigo, na katikati ya miaka ya 1980 serikali ikawalipa wakulima wa Australia Kusini waing'oe. Iliyobaki iliokolewa na ukaidi wa wachache tu.

Hesabu zake si rahisi. Shina kongwe lisilofungwa kwenye waya wala kumwagiliwa hukatwa na kuvunwa kwa mkono, na hekta moja inaweza kutoa tani mbili au tatu tu. Tani moja ni takriban lita 700, yaani chupa 900 hivi. Kwa ujazo huo, mzalishaji hawezi kulisha rafu za maduka ya Dan Murphy's, ya kampuni ya Endeavour, wala Liquorland ya Coles, ambazo zimeshika sehemu kubwa ya biashara ya rejareja. Mkulima wa Dodoma anayeuza mchuzi wa zabibu kiwandani kwa sababu hana chupa wala wateja wake mwenyewe anaijua hali hiyo.

Kilichofungua mlango Sydney ni leseni. Sheria ya vileo iliyoanza kutumika Julai 2008 iliruhusu baa ndogo zenye gharama nafuu ya leseni, na wenye baa hizo wakatafuta mvinyo ambao mteja haukuti katika maduka hayo makubwa. Chupa hapo huuzwa mara mbili hadi tatu ya bei ya jumla, na wateja hulipa.

Kodi ndiyo inayonikera zaidi. Kodi ya mvinyo, asilimia 29, hufuata bei ya jumla badala ya kiasi cha kileo, kwa hiyo lita moja ya mvinyo wa boksi huchangia kiasi kidogo huku chupa ya Cirillo ikibeba dola kadhaa. Wadogo hupona kwa marejesho, ambayo mwaka 2018 yaliwekewa kikomo cha dola 350,000 kwa mwaka. Sioni wengi wangebaki bila hayo.

Neno "kongwe" nalo lina bei, hivyo mnunuzi aulize mwaka wa kupandwa. Hati ya hiari ya Barossa ya mwaka 2009, inayopanga mizabibu kwa umri, huanzia miaka 35, na daraja la juu ni miaka 125. Shiraz iliyopandwa Griffith mwaka 1992 ingefikisha miaka 35 mwaka 2027. Umri huo usingeisaidia kitu: humwagiliwa, huvunwa kwa mashine, na kila jirani anayo.