Shule ya Watoto Wadogo Inayosimama kwa Mikono ya Wazazi

Mara nyingi katika kitabu hiki tunafundisha juu ya maji, choo na chakula. Leo tutasema juu ya shule ya watoto wenye miaka 3 hata 5. Labda utauliza: «Shule ni kazi ya walimu. Munganga anatafuta nini pale?» Soma hata mwisho, utaona.

Hapa Kamina mama wengi wanatoka mapema sana kwenda shambani ao sokoni. Mtoto mdogo anabaki lupangoni na dada yake mwenye miaka 7. Dada huyu naye angekuwa shuleni. Saa zote wako peke yao, karibu na moto wa makala na kisima kisichofunikwa. Tangu Septemba 2019 serikali imesema masomo ya shule za msingi za serikali yawe bila malipo. Lakini shule ya maternele haimo katika neno hilo, na nyumba nyingi hazina feza za kuilipa.

Basi wazazi wanaweza kufanya nini? Wanaweza kuungana. Jambo hili si geni. Mwaka 1916, katika mji wa Chicago kule Marekani, mama 12, wake za walimu wa chuo kikuu, waliungana kulinda watoto wao kwa zamu na kuwafundisha. Mwaka 1961, mjini London, mama mmoja jina lake Belle Tutaev hakupata shule kwa binti yake mdogo. Akafungua nafasi ya kuchezea pamoja na wazazi wengine, akaandika barua katika gazeti, na mama wengi wa Uingereza wakamfuata. Kwa upande wetu wa Afrika, mjini Mombasa, Bi Swafiya Said alianza mwaka 1986 kazi ya shule za watoto wadogo za Waislamu, ambazo wenyeji wenyewe wanazisimamia kwa kamati yao. Kazi hiyo ilifika Unguja na Uganda. Na katika inchi yetu ya Kongo kuna nafasi za watoto ambazo UNICEF imesaidia: wenyeji wanatoa mahali, na wanachagua watu wa kwao wa kuwatunza watoto.

Sasa tuone namna kazi inavyokwenda.

1. Mkutano. Wazazi wote wanakutana, baba na mama. Wanachagua kamati: mkubwa, mwandishi na mtunza feza. Haifai kamati iwe ya wanaume tu, kwa sababu mama ndiye anayejua mtoto amelala namna gani na amekula nini.

2. Zamu. Tuseme shule ina watoto 30 kutoka nyumba 30. Kila asubuhi wazazi wawili wanakuja kumsaidia mwalimu. Kwa juma la siku tano ni wazazi 10. Basi kila nyumba inafanya zamu mara moja tu katika majuma matatu. Huu si mzigo mkubwa. Na baba asiseme: «Hiyo ni kazi ya wanawake.» Mtoto anafurahi sana kumwona baba yake akiketi chini pamoja na wenzake.

3. Feza. Mwalimu hawezi kula hewa. Kila nyumba inatoa kiasi kilichokubaliwa katika mkutano. Kila mwezi mwandishi anasoma kitabu cha feza mbele ya wote: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Feza isiyosomwa inaleta maneno, na maneno yanavunja shule.

4. Kazi ya mikono. Wazazi wanajenga ua, wanachimba choo, wanatengeneza dari. Wanashona mpira wa vitambaa, wanakusanya magunzi ya mahindi ya kuhesabia. Lakini angalia: kitu kidogo kinachoweza kuingia puani ao kooni mwa mtoto, usikilete. Tena mzee mwenye hadithi za Kiluba aje kuzisimulia. Hizo hazinunuliwi sokoni.

Sasa nitawaeleza jambo nililoliona mimi mwenyewe. Sitataja mahali. Siku moja nilikwenda kupima watoto katika shule ndogo ya namna hii. Niliona wengi wanahara. Niliuliza maji yako wapi. Wakanionyesha mtungi mmoja usio na kifuniko, na kopo moja tu kwa watoto wote. Mwalimu alikuwa peke yake tangu asubuhi. Wazazi walikuwa wametoa feza zao, wakasema: «Kazi yetu imekwisha.»

Tuliita mkutano chini ya mwembe. Mama mmoja hakutaka kuketi karibu. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwa sauti ndogo: «Sijalipa miezi miwili. Ninaona haya.» Mwenzake akamwambia: «Dada, kama huna feza, toa siku. Feza yangu haiwezi kuosha mikono ya watoto.» Tangu siku ile zamu ilianza. Wa zamu wanachemsha maji jioni nyumbani, wanayaleta yamefunikwa. Kila mtoto ana kopo lake. Kila mtoto ananawa kwa sabuni nyuma ya choo na mbele ya kula. Wa zamu wanapika uji wa mahindi wenye unga wa karanga na soya. Na mama yule aliyeona haya alipofika kwake, alifunika mtungi wake pia. Fundisho la shule lilifuata njia mpaka nyumbani.

Lakini jaribu kubwa lilikuja mbele. Asubuhi moja mama wa zamu aliwapokea watoto mlangoni. Alimshika mtoto mmoja akaona mwili unawaka. Mama yake alikuwa amempa dawa ya homa usiku, akamleta shuleni, akaenda kulima shamba la mtu kwa malipo ya siku. Mtoto akapelekwa kituo cha afya. Walimpima damu, ilikuwa malaria. Akapewa dawa, akapona. Wazazi walikasirika sana, maana mwaka 2019 na 2020 surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo, wengi wao watoto wadogo. Wakasema: «Je, kama ingekuwa surua? Mama huyu afukuzwe!»

Mama mzee mmoja wa kamati akasimama. Akauliza: «Tukimfukuza huyu, kesho mwingine ataficha ugonjwa vizuri zaidi. Asipokwenda shambani, watakula nini? Nani alikuwa amemwambia: Nenda, mimi nitakaa na mtoto?» Wote wakanyamaza. Kisha wakakubali sheria hii: mtoto mgonjwa asije shuleni, wala mzazi asifiche. Amwambie wa zamu mapema. Naye wa zamu amtafute jirani asiyekwenda shambani siku ile, amsaidie mama kumfikisha mtoto kituoni na kumkalia baadaye. Siku nyingine mama huyo atalipa kwa kukaa na mtoto wa mwenzake.

Ndugu wazazi, sheria hii inafaa kuliko ukuta wa matofali. Shule inayotaka feza tu inamfundisha maskini kujificha. Shule inayotaka pia siku yako na mikono yako inampa kila mtu nafasi ya kusimama wazi.

Kwa wa zamu, kumbukeni haya:

Angalia kila mtoto mlangoni: macho, ngozi, joto la mwili. Mwenye homa na vipele, asiingie kati ya wenzake. Aende kituo cha afya. Mtoto anayeshikwa na degedege, asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, ao anayepumua mbio mbio, msingoje hata saa moja. Mkimbize kituoni.

Uliza karti ya shindano. Mwaka 2017 ugonjwa wa kupooza, polio, ulionekana tena katika Haut-Lomami yetu. Mtoto asiyemaliza chanjo apelekwe.

Usipige mtoto. Usimpe wako uji wa kwanza. Siku ya zamu wewe ni mzazi wa wote.

Maulizo ya kuzungumza pamoja:

Nani katika mtaa wetu anabaki na watoto wadogo asubuhi?
Je, tuna jirani anayejificha kwa sababu hana feza? Anaweza kutoa nini?
Mtoto wako akiamka na homa siku ya shamba, nani atakusaidia? Na wewe utamsaidia nani?