Mbegu ya Viazi Lishe Isife Kiangazi

Mvua za kwanza zinapoanguka huko Shinyanga, Tabora na Mwanza, wengi wetu huanza kuzunguka kwa majirani tukiomba marando ya viazi vitamu. Mara nyingi tunaambiwa hayapo: mengine yamekauka, mengine yameliwa na mbuzi. Basi tunasubiri viazi vilivyosahaulika shambani vichipue vyenyewe. Marando yanapotosha kupandwa, mwezi mmoja au miwili ya mvua imekwisha kupita, na mavuno yanakuwa haba.

Sisi wauguzi tunalitazama jambo hili pia kwa upande wa afya. Viazi lishe, vile vyenye rangi ya chungwa ndani, vina vitamini A kwa wingi. Kiazi kimoja kidogo kilichochemshwa, cha gramu 125 hivi, chaweza kumtosheleza mtoto wa chini ya miaka mitano kwa siku nzima. Mtoto aliyepungukiwa vitamini hii huanza kutoona vizuri giza linapoingia, na akipata surua au kuhara huugua vibaya zaidi. Michembe ya viazi vyeupe hushibisha, lakini karibu haina vitamini hiyo. Matone ya vitamini A yanayotolewa kila baada ya miezi sita yaendelee. Viazi ni chakula cha kila siku, havichukui nafasi ya matone.

Mwaka 2016 watafiti Maria Andrade, Jan Low na Mganda Robert Mwanga, pamoja na mwenzao Howarth Bouis, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kuongeza lishe katika mazao. Watatu wa kwanza walishughulikia viazi hivi hasa. Lakini mbegu njema ikifia shambani kila kiangazi, watoto wetu hawatafaidika nayo.

Ipo njia rahisi ya kuihifadhi ndani ya mchanga. Hata mama asiyewahi kulima bustani ataiweza.

1. Siku ya kuvuna, chagua viazi 40 vya ukubwa wa kadiri, kutoka kwenye mashina yenye majani yenye afya. Visiwe na majeraha wala matundu ya fukusi. Pangusa udongo, usivioshe.

2. Tandika gazeti ndani ya beseni, kisha weka mchanga mkavu uliopoa. Panga viazi visigusane, funika kwa mchanga, panga safu nyingine, funika tena. Weka beseni ndani ya nyumba, mahali penye ubaridi, mbali na jua, panya na watoto.

3. Kila mwezi fukua na kukagua. Ondoa kilichooza au kilichotobolewa kabla hakijaambukiza vingine. Kiazi kilichochipua hakijaharibika, kirudishe.

4. Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua, panda viazi kwenye kitalu karibu na nyumba, kila kimoja nusu mita kutoka kingine. Zungushia miba mbuzi na kuku wasiingie. Mwagilia kila baada ya siku 3 au 4. Maji tuliyooshea mboga yanafaa.

Mvua ikinyesha, kata marando ya sentimita 30 na kuyapanda mara moja. Viazi 40 vilivyotunzwa vizuri vyaweza kutoa marando yapatayo 1500.

Ugumu uko siku ya mavuno, wakati gunia linangoja mnunuzi, ada ya shule inadaiwa, na kila kiazi kinaonekana ni fedha au chakula cha jioni. Kutenga viazi 40 siku hiyo kwahitaji moyo. Tuzungumze na baba wa watoto mapema, kabla ya kuvuna, ili naye ajue kwamba beseni lile haliguswi. Yusufu kule Misri aliweka akiba wakati wa shibe, si baada ya njaa kubisha hodi.

Na tukipata marando ya kutosha, tuwakumbuke wajane na akina mama wachanga katika jumuiya zetu. Fungu moja la marando ni zawadi ndogo, lakini laweza kulisha watoto wa nyumba nzima msimu ujao. Bwana abariki kazi ya mikono yenu.