MTAMBO NAO UNA MASHARTI YAKE



Wenzetu wa Nkoma, Mbale, wametuletea swali ambalo huulizwa pia na wenzetu wa Jinja. Wanaiona nyumba ndogo ya kampuni ya simu, haina madirisha, imezungushiwa seng'enge, na mashine ya kupoza hewa yanguruma mchana na usiku. Kando yake kuna jenereta. Ndani hamna mtu. Basi wanauliza: kwa nini chuma kipewe hewa baridi kutwa kucha, hali binadamu anasimama mbele ya tanuri bila hata feni?

Swali hili ni la haki. Tumeonelea vema tueleze kwanza mtambo wenyewe unataka nini, kisha tuje kwa binadamu.

KAZI YA RUTA

Mtambo mkuu katika nyumba kubwa za namna hiyo huitwa ruta. Kazi yake ni kama ya mfanyakazi wa reli anayegeuza njia za magari ya moshi kwenye njia panda. Ujumbe wa simu au kompyuta hukatwa vipande vidogo, kila kipande na anwani yake. Ruta husoma anwani na kukielekeza kipande kwenye njia yake, mamilioni ya vipande kila sekunde.

Njia zenyewe ni nyuzi za kioo. Waya wa baharini wa SEACOM ulifika Mombasa mwaka 2009. Mkongo wa taifa wa Uganda uliunganisha kwanza Kampala, Mukono, Jinja, Bombo na Entebbe. Awamu ya pili ikafika Busia, Tororo, Mbale, Soroti na mbele zaidi. Mwaka huo huo wa 2009 pesa za simu zilianza Uganda, na leo wengi wetu twatuma karo na kununua unga kwa njia hiyo. Ruta ya mji ikizimika, mtu aweza kulala njaa na pesa zake zipo.

UMEME

Mitambo ya simu tangu zamani hutumia umeme wa betri wa volti 48, si volti 240 za majumbani. Betri 4 za volti 12 zikifungwa mfululizo hutoa volti 48. Umeme wa mtaani huingia katika mashine inayougeuza kuwa wa betri; ukikatika, betri huendelea palepale na ruta haijui kwamba kuna lolote lililotokea. Fundi wa magari atashangaa kuona kwamba hapa ncha ya chanya ndiyo iliyoungwa na ardhi. Sababu ni kwamba hivyo nyaya za shaba zilizofukiwa haziliwi upesi.

Ruta kubwa hupewa umeme kwa njia mbili, A na B, kila moja na fyuzi zake. Moja ikifa, nyingine hubeba mzigo wote.

Tufanye hesabu. Ruta inayokula wati 3,000 kwa volti 48 huvuta ampea 62.5. Ndiyo maana nyaya zake ni nene. Betri za ampea 200 kwa saa zingeibeba kama saa 3 kwa hesabu ya karatasi. Kwa kweli ni pungufu ya hapo. Kwa hiyo hapana budi kuwe na jenereta. Hata Jinja, penye bwawa la Nalubaale lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, umeme hukatika.

JOTO, VUMBI NA MAJI

Umeme wote unaoingia katika ruta hutoka kama joto. Wati 3,000 ni sawa na pasi 3 za umeme zilizoachwa zikiwaka ndani ya chumba kilichofungwa. Kwa kawaida ruta kubwa huundwa zifanye kazi siku zote kati ya digrii 5 na 40 za sentigredi. Betri ni dhaifu zaidi: iliyokusudiwa kuishi miaka 10 kwenye digrii 25, yaweza kufa kwa miaka 5 ikikaa kwenye digrii 35. Tena mara nyingi betri hubeba ruta tu, haibebi mashine ya kupoza hewa. Jenereta isipowaka, chumba hupata moto upesi.

Mwinuko pia una neno. Hewa ya juu ni nyepesi na haipozi vizuri. Jinja na Mbale ziko juu ya bahari kwa zaidi kidogo ya mita 1,100, na hapo hakuna shida; kanuni iliyozoeleka huanza kupunguza joto linaloruhusiwa baada ya mita 1,800, yaani huko juu kwenye miteremko ya Elgon.

Vumbi la murram, nyuzi za pamba na majivu ya makapi ya miwa huziba vichujio, na feni huanza kupiga kelele. Radi hutaka waya mzuri wa kuishusha ardhini. Na maji hutaka nyumba ijengwe mahali palipoinuka: mwishoni mwa Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale, na watu zaidi ya 20 wakafa.

NA BINADAMU JE?

Sasa tujibu swali. Mtambo hupewa baridi kwa sababu masharti yake yameandikwa, na kila mwenye mali anajua hasara ya kuyavunja. Masharti ya binadamu nayo yapo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 humwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama na afya ya mfanyakazi. Tofauti ni kwamba ruta ikizidiwa na joto hujizima yenyewe, na kampuni nzima hukimbia. Mfanyakazi huvumilia kimya mpaka aanguke.

Kwa wenzetu walinzi, wafagiaji, vibarua na mafundi wa nyumba hizo, tunasisitiza haya:

1. Ruta kubwa iliyojaa yaweza kuzidi kilo 100. Isiinuliwe na mtu mmoja. Vipande vyake vitolewe kwanza.

2. Volti 48 ni ndogo, lakini ampea ni nyingi. Vua pete na saa, maana chuma kikigusa ncha mbili za betri huyeyuka mkononi.

3. Betri zikichajiwa hutoa gesi inayolipuka. Pasivutwe sigara, na tundu la hewa lisizibwe.

4. Usichungulie ncha ya uzi wa kioo. Mwanga wake hauonekani, lakini huharibu jicho.

5. Moshi wa jenereta una gesi inayoua bila harufu ya kukuonya. Mlinzi asilale karibu nayo.

Ndugu, ukutani mwa nyumba ile kuna kipimajoto, na mtu hulipwa ili akisome. Tudai kipimajoto kama hicho katika kila karakana, na kisomwe mbele yetu. Hatuombi zaidi ya kile kinachopewa chuma.

Umoja ni nguvu.