Ua wa kayaba lapata jina jipya

Ukizunguka Kabazi, katika eneo bunge la Subukia, kaunti ya Nakuru, hukosi kukutana na ua wa kayaba. Miiba yake ni mirefu, migumu na imenyooka; ng'ombe haipenyi, na mwizi hufikiri mara mbili. Miti dume na miti jike ni mbalimbali, ndiyo maana sehemu nyingine za ua hazizai kamwe. Penye jike hupatikana matunda ya manjano yenye malaika laini, machachu ya kukunjisha uso, na bado watoto huyachuma.

Kayaba si mwenyeji wa hapa. Asili yake ni kusini mwa Afrika, pande za mto Kei, na jina tulilozoea ni Kei hiyo hiyo. Jamaa yake wa nyumbani ni mukambura, ambao humea katika misitu ya nyanda zetu za juu. Wataalamu wameweka miti hii miwili katika jenasi moja, Dovyalis, kwa utaratibu wa majina mawili ulioshika mizizi tangu Linnaeus alipochapisha kitabu chake cha mimea mwaka 1753: kwanza jenasi, kisha spishi. Mukambura ni Dovyalis abyssinica. Kayaba ilikuwa Dovyalis caffra.

Hilo caffra lina uchungu wake. Chimbuko lake ni neno kafiri, ambalo walowezi wa Afrika Kusini waligeuza kuwa tusi la kumdhalilisha mtu mweusi. Leo ukimtukana mtu hivyo nchini humo unaweza kufikishwa mahakamani. Hata hivyo, vitabu vya mimea viliendelea kulichapa kana kwamba halina neno.

Julai 2024, wataalamu waliokutana Madrid, Uhispania, kwa ajili ya Kongamano la Kimataifa la Botania walipiga kura. Pendekezo lilikuwa la Gideon Smith na Estrela Figueiredo wa Chuo Kikuu cha Nelson Mandela, Afrika Kusini: herufi c iondolewe, caffra iwe affra, jina linaloashiria Afrika. Waliounga mkono walikuwa 351, waliopinga 205. Majina zaidi ya 200 ya mimea, kuvu na mwani yakaguswa, na ua wa Kabazi ukawa Dovyalis affra.

Wapo waliolalamika kwamba sayansi imeingiziwa siasa. Sikubaliani nao. Majina haya hayajawahi kutulia. Kayaba yenyewe iliwahi kuitwa Aberia, na uchunguzi wa DNA umeihamisha kutoka familia ya Flacourtiaceae hadi ile ya mierebi, Salicaceae. Kama jina laweza kubadilika kwa ajili ya ukoo wa mti, laweza pia kubadilika kwa ajili ya heshima ya watu.

Na kura zimewahi kutuumiza. Mwaka 2005 mjini Vienna, jina Acacia, lililotolewa kwanza kwa mgunga wa Afrika, liliachiwa miti ya Australia. Wengi wa waliopiga kura, karibu asilimia 55, walipinga, lakini kanuni ilidai asilimia 60 ili kuzuia uamuzi huo. Tangu hapo migunga ya manjano inayopendezesha Ziwa Nakuru huandikwa Vachellia xanthophloea.

Kwa hiyo kuwamo ukumbini ni jambo kubwa. Taasisi zenye hifadhi za mimea iliyokaushwa hupewa kura, na Nairobi tunayo Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki, chini ya Makavazi ya Kitaifa. Kongamano lijalo litafanyika Cape Town mwaka 2029, mara ya kwanza katika bara hili. Makavazi, vyuo vikuu na serikali zianze sasa kutenga pesa za kuwapeleka wataalamu wetu. Nanyi walimu, pamoja na wenye vitalu vya miche vya Subukia, mkiandika kibao cha kayaba, andikeni Dovyalis affra.