Bia Inapotoka Povu Tupu

Mtu anayepika bia nyumbani na kuihifadhi kwenye pipa dogo la chuma akifungua koki na bilauri ikajaa povu, mkono wake hukimbilia regulata kupunguza presha ya gesi. Tiba hiyo huzidisha ugonjwa. Siku ya kwanza povu litapungua kidogo kwa kuwa bia inatoka polepole, lakini presha iliyokuwa ikiizuia gesi isitoke ndani ya bia itakuwa imeondolewa. Vipovu vitaanza kujikusanya kwenye mpira unaopeleka bia kwenye koki, na baada ya siku kadhaa bia iliyobaki pipani itakuwa chapwa.

Povu ni hewa ukaa inayotoka kwenye bia kabla ya wakati wake. Kabla hujagusa chochote, jiulize inatokea wapi.

Mapipa yanayopendwa na wapishi wa nyumbani wa Marekani ni yale ya aina ya Cornelius yenye ujazo wa lita 19. Awali yaliundwa kwa ajili ya soda. Gesi huingilia juu, ikaisukuma bia ipande kwenye mrija wa chuma unaofika chini kabisa, kisha ipite kwenye mpira hadi kwenye koki. Popote katika njia hiyo gesi inaweza kuponyoka.

Mimina bilauri mbili mfululizo, bila kupumzika. Kama ya kwanza ni povu na ya pili ni safi, usilisumbue pipa: tatizo ni joto. Bia iliyolala kwenye mpira au ndani ya mnara wa koki juu ya friji imepata joto, na bia yenye joto haiwezi kushika gesi nyingi. Feni ndogo inayopuliza hewa ya friji hadi ndani ya mnara hulimaliza tatizo hilo.

Kama zote mbili ni povu, pima joto la bia yenyewe ndani ya bilauri, maana namba inayoonyeshwa na friji ni ya hewa. Bia nyingi hukaa vizuri kwenye nyuzi 3 hadi 4 za Selsiasi, na presha ya psi 11 au 12. Kwa presha hiyo mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 5 unatakiwa uwe na urefu wa mita 3 au zaidi kidogo. Wengi huununua mfupi, wakidhani urefu ni kero tu. Kumbe msuguano ndani ya mpira ndio unaopunguza kasi ya bia, ili ifike kwenye koki imetulia. Wanaoishi mahali pa juu kama Denver, mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, waongeze psi 2 hadi 3 kwenye geji, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi.

Joto na urefu vikiwa sawa, bia yenyewe huenda imeshiba gesi kupita kiasi. Hali hii huwapata hasa wenye haraka, wanaofungulia psi 30 na kulitikisa pipa. Funga gesi, vuta vali ya usalama hadi pipa linyamaze, liache saa chache, kisha rudia. Huchukua siku moja au mbili, na hakuna njia ya mkato.

Kisha kuna hitilafu ambayo watu huihangaikia muda mrefu, wakabadilisha mpira na koki bila mafanikio. Piga magoti, mulika tochi pale mpira unapoungana na pipa, na mtu mwingine afungue koki. Ukiona vipovu vinapita hapo hapo kwenye maungio, gesi iliyo juu ya bia inapenya kwenye mrija wa chuma. Mara nyingi ni pete ndogo ya mpira iliyo chini ya shingo ya mrija huo, imekauka au imechanika. Itoe presha yote kwanza, ndipo ufungue. Weka pete mpya, uipake grisi inayofaa kwa vyombo vya chakula. Ukiwa umeshafungua, kagua vali ndogo iliyo juu yake, kwani mabaki ya hopsi hukwama hapo na kuivuruga bia inapopita.

Koki nayo ifunguliwe yote, kwa mkupuo mmoja. Ikifunguliwa nusu, bia hupita kwenye tundu jembamba ikachafuka. Na bilauri iliyogandishwa kwenye friza huleta povu, kwa sababu chembe za barafu huipa gesi mahali pa kuanzia kutoka. Mpira usafishwe kila baada ya wiki 2, hata kama bia inatoka vizuri.

Lolote utakalobadilisha, badilisha moja tu, ukamimine tena kabla ya kugusa lingine.