Mpanda kwa Ndege: Hesabu Saa Zote, Si za Angani Tu

Habari ya msiba inapofika Dar es Salaam kutoka Mpanda, swali la kwanza nyumbani huwa hili: tutafika lini? Yafaa kila familia ijue kulijibu.

Kwa mstari ulionyooka, baina ya Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere na kile cha Mpanda kuna kama kilomita 900. Ndege ya Dash 8 yenye viti 76, ambayo Shirika la Ndege la Tanzania limekuwa likiitumia katika njia hiyo, huenda kiasi cha kilomita 600 kwa saa. Ukigawanya utapata saa moja na nusu. Lakini ndege haiwi katika mwendo huo wakati wa kupaa na kushuka. Kwa hiyo hesabu saa moja na dakika 45.

Safari ikipitia Tabora, umbali huongezeka kwa kilomita 70 hivi tu. Muda, hata hivyo, hurefuka zaidi, maana ndege hutua, hushusha na kupakia abiria, kisha hupaa upya. Hapo ni busara kuhesabu saa mbili na nusu.

Linganisha na gari moshi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912. Tawi la Mpanda, la kilomita 210 kutoka Kaliua, lilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi. Njia nzima yapita kilomita 1,100, na msafiri hulala njiani. Mfanyakazi mwenye ruhusa ya siku saba huweza kumaliza nusu yake safarini.

Hata hivyo, kutua si kufika. Anayekwenda Inyonga, au Karema kando ya Ziwa Tanganyika, bado ana kilomita zaidi ya 100 za barabara. Tena Mpanda iko magharibi sana, hata jua huchelewa kuzama kwa karibu nusu saa kuliko Dar es Salaam, ingawa saa za mkononi ni zile zile. Mgeni asidanganywe na mwanga huo akaahirisha kutafuta gari.

Basi, kabla ya kukata tiketi, uliza mambo matatu: ndege huenda siku zipi, hutua wapi njiani, na usafiri gani utakupokea uwanjani. Kisha waarifu ndugu saa utakayofika nyumbani, si saa ndege itakapotua. Wanaokusubiri ili wazike hupanga maziko kwa neno lako. Ukiwapa saa ya angani, huenda ukawakuta wametoka makaburini.