Mchezo wa Zau: Wachezaji wanasema nini, na mzazi wa pwani auangalie vipi

Vijana wetu wa pwani wamezoea mpira wa kwenye skrini. Ukipita kwenye vibanda vya PlayStation, iwe ni Majengo, Kisauni au Malindi, utawakuta wanagombania nani ashike Arsenal na nani ashike Manchester. Lakini iko michezo ya namna nyingine, ya hadithi ndefu, mapigano na miujiza, na mmoja wao unatugusa sisi Waswahili moja kwa moja. Ulitoka tarehe 23 Aprili 2024, unaitwa Tales of Kenzera: ZAU, na mchezaji anaweza kuchagua wahusika wake wazungumze Kiswahili.

Tangu utoke, maneno juu yake yamekuwa mengi. Wapo waliousifu mpaka wakatokwa na machozi. Wapo waliosema ni mzuri lakini ni mfupi. Wapo walioutukana kabla hawajaugusa. Na huku kwetu, mzazi akisikia tu kuwa ndani yake mna vinyago, mizimu na uganga, hukumu yake hutoka hapo hapo. Makala haya yanaeleza mchezo wenyewe ni upi, maoni ya wachezaji yamesimama wapi, na kwa nini naona ni mapema mno kuufungia mlango.

Kwanza tuelewane juu ya aina ya mchezo. Kuna tapo kubwa la michezo ambamo mchezaji humshika mhusika mmoja, akapigana kwa wepesi wa vidole vyake mwenyewe, na kila adui anayeshindwa humwongezea mhusika nguvu, maarifa au silaha. Mhusika huanza mnyonge akaishia shujaa, na mchezaji ndiye anayechagua akuzwe upande gani. Afrika imeshatoa mchezo kamili wa tapo hilo: Aurion: Legacy of the Kori-Odan, uliotengenezwa na kampuni ya Kiro'o Games ya Yaoundé, Kamerun, ukatoka mwaka 2016. Mchezo wa Zau ni jirani wa karibu. Una mapigano, una nguvu za kujumlisha, na juu yake una kuruka, kupanda na kurudi mahali ulipokwisha pita ukiwa na uwezo mpya wa kufungua njia iliyokuwa imefungwa.

Mwenye fikra ya mchezo huu ni Abubakar Salim, mwigizaji aliyezaliwa na kukulia Uingereza, wazazi wake wakiwa ni watu wa Kenya. Wachezaji walikuwa wanamjua zamani, ingawa kwa sauti tu. Yeye ndiye Bayek katika Assassin's Creed Origins, mchezo wa mwaka 2017 unaosimulia Misri ya kale na baba aliyeuliwa mwanawe. Miaka saba baadaye akaja na kisa kilichogeuka: mtoto aliyefiwa na baba. Salim ameeleza hadharani kwamba aliutunga kutokana na msiba wake mwenyewe wa kumpoteza baba yake, na kwamba baba huyo ndiye aliyekuwa akimsimulia hadithi za Kiafrika tangu udogoni. Studio yake inaitwa Surgent Studios, na mchezo ulitolewa kupitia kampuni kubwa ya Electronic Arts.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika mji wa siku zijazo uitwao Amani, kijana Zuberi amefiwa na baba yake, na katika vitu alivyoachiwa mna kitabu alichokiandika marehemu. Anapokifungua ndipo tunapomkuta Zau, mganga kijana wa zama za kale, ambaye naye amefiwa. Zau anakwenda kwa Kalunga, mwenye mamlaka ya mauti, anapatana naye: nikuletee mizimu mitatu mikubwa iliyokataa kuvuka kwenda kwa wafu, nawe unirudishie Baba. Neno "Baba" linabaki hivyo hivyo hata kwa anayecheza kwa Kiingereza. Silaha zake ni vinyago viwili, cha jua kwa kupigana karibu na cha mwezi kwa kupiga kwa mbali. Kalunga huandamana naye njia nzima kwa sura ya mzee, akimshauri na kumkanya.

Sasa maoni. Sifa zilizorudiwa sana na wachezaji zilikuwa juu ya rangi na mandhari, juu ya muziki wa Nainita Desai, na juu ya namna kisa kinavyouchukua msiba kwa uzito wake. Watu waliopoteza wazazi walisema wamejiona mle ndani. Wengi walitaja jambo moja dogo: katika safari yake Zau hukuta mibuyu, na mchezaji anaweza kumketisha chini ya mti, akazungumza juu ya baba yake, kisha akainuka na uhai ulioongezeka. Sisi tuliolelewa tukiambiwa tusipite chini ya mbuyu wakati wa magharibi tutaliona hilo kuwa geni kidogo. Huku mbuyu ni wa kuogopwa, na kule umekuwa mahali pa kupumzisha moyo.

Lawama nazo zilikuwapo, na nyingi zilikuwa za haki. Wachezaji walisema mchezo unamalizika kwa saa nane au kumi hivi, ilhali michezo mingine ya jamii hiyo huwachukua wiki nzima. Walisema aina za maadui ni chache, kwa hiyo ukifika katikati unaona unapigana na wale wale. Walilalamikia sehemu za kukimbia hatari, ambako kosa moja la kidole humuua Zau papo hapo na kukurudisha nyuma. Waliozoea michezo migumu waliona ramani yake nyepesi mno. Haya ni maoni ya mtu aliyetoa pesa yake, akakaa, akacheza, na mtengenezaji yeyote mwenye akili huyapokea na kuyafanyia kazi.

Ikaja aina ya tatu, ambayo siwezi kuiita maoni. Mchezo na watu walioutengeneza walishambuliwa kwa maneno ya ubaguzi wa rangi, na wengi wa waliokuwa wakitupa matusi hayo hata hawakuucheza. Mei 2024 Salim alijitokeza kwa video akalizungumzia jambo hilo bila kuficha, na katika kulijibu akatangaza kupunguza bei ili watu wengi zaidi waweze kuuonja wenyewe.

Yaliyofuata yanaonyesha kwamba maneno ya wachezaji si porojo za barzani. Julai mwaka huo ilitangazwa kuwa studio inapunguza wafanyakazi. Oktoba timu yake nzima ya michezo ikapewa notisi, huku wakitafuta mtu wa kugharamia kazi inayofuata. Kazi hiyo waliipa jina la muda la Kiswahili, Uso, nayo ilikusudiwa kuwa mchezo kamili wa mapigano na kukuza mhusika, katika ulimwengu ule ule wa Zau. Aprili 2025 Zau ukashinda tuzo ya BAFTA ya Uingereza katika fungu la michezo yenye faida zaidi ya burudani. Lakini mchezo wa studio hiyo uliotoka Julai 2025, Dead Take, ulikuwa wa kutisha, habari za Hollywood, hauna mbuyu wala Amani. Tuzo ni heshima, ila mwenye pesa huangalia pia nani amenunua na amesema nini.

Hapo ndipo ninapouliza: sisi wenye Kiswahili tulisema nini? Jibu la kweli ni kwamba tulisema kidogo sana, na sababu kubwa ni mfuko. Tufuate mto Tana kutoka Kipini, unakomwagia maji baharini, twende juu mpaka Kivaa, kule Masinga katika kaunti ya Machakos, kwenye mabwawa yanayotupatia umeme. Kijana wa Kivaa lugha yake ya nyumbani ni Kikamba, Kiswahili amekipata shuleni na sokoni. Mchezo wa Zau ungempa kitu ambacho hajakiona kwenye skrini: shujaa mwenye jina la Kibantu anayesema lugha anayoielewa. Lakini mchezo ulitoka kwa ajili ya PlayStation 5, Xbox za karibuni, Nintendo Switch na kompyuta, si kwa simu, na simu ndiyo kompyuta ya vijana wetu wengi, wa Kivaa na wa Kongowea sawasawa. Bei yake ya kwanza ilikuwa dola 19.99, yaani zaidi ya shilingi 2,500 za Kenya, na hiyo ni kabla hujanunua mashine inayogharimu makumi ya maelfu.

Kwa hiyo hukumu ya mchezo wenye Kiswahili ndani yake ilitolewa hasa na watu wasiokijua Kiswahili. Walisema muziki ni mzuri na maadui ni wachache, na walikuwa sahihi. Wasichoweza kusema ni kama Kiswahili kile kimenyooka, kama ni cha Mombasa au cha kitabuni, kama mtoto akikisikia atacheka au atakaa kimya asikilize. Wala hawawezi kutofautisha kilicho chetu na kilichoazimwa. Kalunga ni jina linalojulikana zaidi huko Kongo na Angola, na Impundulu, mmoja wa mizimu ile mitatu, ni ndege wa radi wa Wazulu na Waxhosa. Mchezo huu umechota Afrika pande nyingi na kuzitia katika chungu kimoja. Mswahili anayeucheza ana la kusema hapo ambalo mchezaji wa London hana.

Nije kwa wazazi. Najua neno litakalotangulia: huu ni mchezo wa mashetani. Mimi si mwanachuoni na sitoi fatwa, mwenye shaka amwulize shekhe wake. Lakini shekhe naye atataka aelezwe sawasawa anaulizwa juu ya nini. Mwislamu hana mungu wa mauti. Anayo imani kwamba roho huchukuliwa na malaika kwa amri ya Mola mmoja, na aliyekufa hanunuliwi kwa mapatano. Mtoto anayeucheza ni haki yake aambiwe hivyo, kwa maneno mepesi, na mtu anayempenda. Pia tukumbuke kwamba bibi zetu walitulaza kwa hadithi za mazimwi na majini, nasi asubuhi tulikwenda madrasa bila kuchanganya kisa na itikadi, kwa sababu bibi alikuwapo pale akitufafanulia. Kinachonitia hofu mimi ni mtoto kuachwa na skrini peke yake usiku kucha, awe anacheza Zau au mpira.

Tena tuutazame mchezo unakompeleka mchezaji. Zau anaanza kwa kukataa. Hataki baba awe amekufa, anataka kushindana na mauti yenyewe. Kila nchi anayopita inamfungulia hali moja ya msiba, mara hofu, mara hasira, na safari nzima inamvuta kidogo kidogo kwenye kukubali. Mauti ni haki, sisi twalisema kila siku. Lakini tazama tunavyowafanyia wavulana wetu. Baba anazikwa, mtoto wa miaka kumi na mitatu anapewa mkono na wanaume msikitini, anaambiwa sasa wewe ndiye mwanamume wa nyumba, usilie. Matanga yakianuliwa, hakuna anayemwuliza tena moyo wake u vipi. Mama ana eda yake, ana wanawake wenziwe wanaokuja kukaa naye. Kijana ana nini? Wengi wao wana maskani na wenzao tu, na kwenye maskani si kila kinachopitishwa mkono kwa mkono ni halali.

Sisemi mchezo wa video utachukua nafasi ya ami, mjomba au ustadhi. Nasema ikiwa kijana aliyefiwa ameketi mbele ya kisa cha mtoto mwenziwe aliyefiwa, hiyo ni nafasi ya mtu mzima kuvuta kiti. Mwulize: huyu Zau kwa nini ana hasira? Wewe ungempa shauri gani? Utashangaa atakavyojibu.

Na ukisikia maoni ya mchezo wowote, pima kwa maswali matatu kabla hujayabeba. La kwanza, msemaji ameucheza mwenyewe, na amefika wapi? Aliyeishia saa ya kwanza hajui mwisho. La pili, anaulinganisha na nini? Aliyezoea michezo ya saa mia ataona saa kumi ni udanganyifu, ilhali baba mwenye nafasi Jumapili tu ataona zinatosha. La tatu, analaumu kitu gani, kazi au watu walioifanya? Anayelaumu maadui wachache msikilize. Anayelaumu rangi ya ngozi mwache na lake.

Kwa wale wenye uwezo wa kuupata, ushauri wangu ni mwepesi. Uchezeni kwa sauti ya Kiswahili, kisha semeni mlichokiona, kizuri na kibaya, na msemeni kwa Kiswahili. Kama lugha imepinda, elezeni imepinda wapi. Kama hadithi imekwenda kinyume na mila au dini, elezeni vipi. Watengenezaji wanaotafuta pesa za mchezo unaofuata hupeleka kwa wafadhili hesabu ya waliosema. Sisi tukinyamaza, atakayekuja na fikra ya mchezo mwingine wenye majina yetu ataambiwa kwamba wenye majina hayo hawapo sokoni.